Sekunde Tisini za Asubuhi

Jumatatu, 4 Novemba

Daftari hili nimenunuliwa na Renko. Mume wangu anaezeka mapaa, ni mtu wa maneno machache, na amechoka kunibembeleza mezani kila jioni. "Andika," alisema. "Karatasi haichoki." Basi naandika.

Mimi ni Fenna Aden, nina miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa nilifunga siagi katika kiwanda cha maziwa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kisha nikaingia kujifunza ufundi wa magari kwenye gereji ya Onno Saathoff, hapahapa kijijini, kilomita mbili kutoka tuta la bahari. Mtihani wa mwisho nimeshafeli mara mbili. Sheria inaruhusu mara tatu. Ya tatu ni tarehe 29 Januari, mjini Emden. Baada ya hiyo, basi.

Mara ya kwanza nilinyamaza tu. Mara ya pili, mwezi wa Juni, waliniuliza juu ya hewa ya ziada, na hilo nilikuwa nimelikariri: injini ya petroli ikiwashwa ingali baridi, pampu ya umeme hupuliza hewa safi kwenye bomba la moshi kwa sekunde kama tisini, kisha huzimika. Nilisema kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi. Mtahini akavua miwani akauliza, "Na kwa nini mtu apulize hewa safi ndani ya moshi?"

Walisubiri. Nikawa nasikia saa ya ukutani.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Matairi ya majira ya baridi, magari sita.

Alhamisi, 7 Novemba

Hilke Freese ameleta gari lake. Ni mkunga wetu. Nusu ya watoto wa huku nyuma ya tuta wamepokelewa na mikono yake, na gari lake halipumziki. Taa ya injini imewaka. Tulichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikaandika: hewa ya ziada haitoshi. Niliposoma hivyo nilihisi kama nimekutana njiani na mtu ninayemwogopa.

"Pampu hiyo," akasema Onno. "Toa, weka nyingine."

Tulipima, kweli ilikuwa imekufa. Nilipoigeuza juu ya ndoo yakamwagika maji, kiasi cha vijiko viwili, yana rangi ya kutu na yananuka moshi. Onno alikuwa ameinama kwenye gari la pili, amenipa mgongo.

"Fundi, pampu hii ina maji ndani."

"Mm."

"Yametoka wapi?"

"Ndiyo, ndiyo. Funga mpya."

Ndivyo alivyo. Mwaka wa tatu huu namuuliza hili ananijibu lile, kana kwamba swali langu halina thamani ya kugeuza shingo. Nilifunga mpya.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi pampu mpya ililia vizuri, mlio mwembamba wa juu, kama mtu anafyonza vumbi kwa mashine chumba cha pili. Nilihesabu. Sekunde themanini na nane, ikanyamaza. Hilke alichukua gari. "Ukaguzi wa gari langu ni mwisho wa Januari," alisema. "Nisipopita siendeshi, na mimba hazisubiri. Msinichezee."

Jumatatu, 18 Novemba

Ukungu. Hakuna jambo.

Jumapili, 1 Desemba

Renko ananiuliza maswali kutoka kwenye kadi zangu huku anamenya viazi. Najibu vyema mpaka afike kadi ya hewa ya ziada. Hapo namwambia airuke. Leo hakuiruka. Nikaondoka mezani.

Jumatatu, 9 Desemba

Tjark Boelsen ameteleza na baiskeli kwenye barafu, amevunjika kifundo cha mkono. Huyu ndiye fundi mwenzangu, ana miaka thelathini na minne, na anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mfereji. Wiki iliyopita alinipigia kelele mbele ya wateja wawili: "Mara ya tatu, Fenna! Watakuwekea kiti chenye jina lako!" Nilimwambia angalau mimi ninaalikwa tena. Watu walicheka, nami nilicheka, ila kisha nilijifungia chooni mpaka wateja wakaondoka.

Atakuwa nyumbani wiki tano. Tumebaki mimi na Onno. Gereji imekuwa kimya hata inatisha.

Jumatano, 11 Desemba

Hilke amerudi. Taa imewaka tena, hitilafu ileile.

Onno hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinama chini ya boneti, akaitazama kazi yangu ya Novemba, akavuta mpira wa hewa, akavuta waya, akasema, "Klipu hii umeifunga vibaya." Haikuwa vibaya. Au labda ilikuwa. Nilipoitazama mara ya tatu sikuwa na hakika tena na macho yangu.

Jambo lenyewe lina ukorofi wake. Pampu hii haifanyi kazi ila injini ikiwa baridi kabisa. Ukishaiwasha, nafasi imekwenda mpaka kesho. Kwa hiyo gari limelala kwetu.

Alhamisi, 12 Desemba

Saa moja na nusu asubuhi, giza bado, baridi nyuzi mbili chini ya sifuri. Onno aliingia kwenye gari akawasha. Mimi nilisimama mbele ya bampa, kichwa chini ya boneti. Injini ilinguruma. Nilingoja ule mlio mwembamba. Sikuusikia.

Onno akashuka, akainamisha sikio, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Inalia. Ilikuwa klipu."

"Fundi, mimi sisikii kitu."

Akanipita akaenda kufuta taa kwenye mashine. Niliinama tena. Injini tu. Nikajiambia labda kofia imenifunika masikio, nikaivua. Injini tu. Mtu mwenye miaka arobaini katika kazi hii anasema inalia, na mimi niliyefeli mara mbili nasema hailii. Nani mwendawazimu hapo?

Kisha akaniambia, bila ubaya, jinsi mtu anavyosema ratiba: "Kaa kwenye matairi na mafuta mpaka mtihani upite."

Nimefika nyumbani nimekula sukuma wiki ya msimu wa baridi na soseji, sikuonja ladha. Renko aliuliza kuna nini. Nikasema nimechoka.

Ijumaa, 13 Desemba

Matairi.

Jumatatu, 16 Desemba

Matairi. Kitabu changu cha mafunzo bado hakijatiwa saini. Bila saini ya Onno kabla ya tarehe 15 Januari hawanipokei Emden. Nimekiweka mezani kwake, juu ya gazeti. Alikisogeza akasoma gazeti.

Alhamisi, 19 Desemba

Hilke, aliyelichukua gari lake wiki iliyopita, amepiga simu. Taa imewaka. Simu iliita muda mrefu. Onno alikuwa hatua tatu kutoka hapo, mimi nilitoka mbio chini ya gari kuipokea. Niliona hasira. Anaona simu ni kazi ya wanagenzi.

Ijumaa, 20 Desemba

Nataka kuliandika hili sawasawa kama lilivyokuwa.

Saa tano ni wakati wa chai. Onno hubandika birika mwenyewe kwenye jiko dogo la ofisini, lile birika la firimbi. Nilikuwa nje navuta gurudumu nikasikia firimbi ikianza. Nikamalizia bolti. Firimbi ikaendelea. Nikapanguza mikono. Ikaendelea. Nikajua ametoka, nikakimbia kuzima.

Hakuwa ametoka. Alikuwa amekaa, birika liko kando ya kiwiko chake, mvuke umejaa dirishani, na firimbi inapasua masikio. Anasoma habari za mpira. Alikuwa ametulia kabisa.

Nilisimama mlangoni, sijui kwa muda gani. Kisha aliinua macho, akaona mvuke, akaruka akazima, akanitazama haraka kuona kama nimeona. Nilijifanya natafuta kalamu.

Tulikunywa vikombe vitatu kama kawaida, kila mmoja na kipande chake cha sukari-jiwe na krimu juu.  Miaka yote mitatu ilikuwa inageuka mbele yangu. Zile "mm". Zile "ndiyo, ndiyo". Kila mara amenipa mgongo. Kila mara kampresa inafanya kazi. Sikumbuki hata siku moja ambayo nilimuuliza uso kwa uso akashindwa kunijibu vizuri.

Hakuwa ananidharau. Hakuwa ananisikia.

Na ile pampu yenye mlio mwembamba wa juu, hakuisikia. Aliposema inalia alisema kile alichotarajia.

Jumamosi, 21 Desemba

Sijamwambia mtu, hata Renko. Nikisema, namvunjia mzee heshima yake ndani ya gereji yake mwenyewe, na kitabu changu kiko mezani kwake. Nisiposema, gari la Hilke linafeli ukaguzi na kosa linabaki langu. Nimegeuza hili siku nzima.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mama mkwe ameuliza kama safari hii nitafaulu. Renko amempa nyama zaidi ili anyamaze.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimesoma kurasa za hewa ya ziada tena, safari hii si kwa kukariri. Nilichora. Pampu hapa, mpira hapa, kisha vali, kisha bomba la moshi linapotoka kwenye injini. Vali ni mlango. Hewa ikipulizwa mlango unafunguka. Pampu ikizimika mlango unafungwa ili moshi usirudi nyuma. Nimeutazama huo mlango muda mrefu. Nikakumbuka yale maji kwenye ndoo, na harufu yake.

Maji ya mvua hayanuki moshi.

Jumatatu, 6 Januari

Jana nilimpigia Hilke simu mimi mwenyewe. Nilimwambia sina ruhusa ya kugusa gari lake, nataka kulisikiliza tu. Akacheka. "Njoo usikilize. Ndiyo kazi yangu pia."

Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Leo saa moja asubuhi, nyuzi nne chini ya sifuri, vioo vimeganda. Alikuwa ametoka kuzalisha na alikuwa ameita teksi, kwa hiyo gari lilikuwa limelala baridi. Aliwasha. Nikaweka kiganja juu ya pampu. Hakuna mtetemo. Imekufa kama ile ya kwanza.

"Sasa liache lizunguke lipate joto," nikamwambia.

Tulisubiri jikoni kwake na chai. Akaniuliza, akiwa amefumba macho kwa usingizi, "Hivi hiyo pampu ni ya nini hasa? Gari linaenda bila hiyo."

"Linaenda. Ila injini ikiwa baridi inapewa petroli nyingi kuliko hewa yake, la sivyo haitulii. Sasa petroli nyingine inatoka bila kuungua, inaingia kwenye bomba la moshi ikiwa mbichi. Kuna lile kopo chini ya gari, masega, la kusafisha moshi. Lakini masega nayo ni baridi, na yakiwa baridi hayafanyi kitu, yamelala. Kwa hiyo dakika ile ya kwanza gari linatoa uchafu kuliko safari nzima."

"Enhe."

"Basi unapuliza hewa safi palepale moshi unapotoka, ungali wa moto. Ile petroli mbichi ikikutana na hewa inaungua ndani ya bomba. Uchafu unapungua, na moto ule unayaamsha masega haraka. Yakishaamka, pampu haina kazi. Inazimika."

"Kumbe," akasema Hilke. "Kwa hiyo hewa ni ya kumalizia kuungua na kupasha moto."

"Ndiyo."

Nilinyanyua kikombe, na hapo ndipo nilipogundua nimejibu swali la yule mtahini. Nimelijibu jikoni, mbele ya mwanamke anayesinzia. 

Tulirudi nje. Injini ilikuwa ya moto. Nilichomoa mpira kwenye pampu nikaweka kiganja mdomoni mwa mpira. Wakati huu vali ilipaswa kuwa imefungwa, nisihisi chochote. Nilihisi pumzi, ya joto, yenye unyevu, inapiga kwa vipigo. Nilipotoa kiganja kilikuwa na masizi meusi na matone ya maji.

Mlango haufungi. Moshi unarudi nyuma kila injini inapofanya kazi, unapoa ndani ya mpira, unakuwa maji, unaijaza pampu. Pampu inashika kutu, na majira ya baridi inaganda. Ningefunga pampu kumi, zote zingekufa.

Hilke alikitazama kiganja changu. "Umemwambia Onno?"

"Bado."

"Unamwogopa?"

Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli yote, lakini ile nyingine haikuwa yangu kuisema.

Jumatano, 8 Januari

Nilitaka kusema leo. Alikuwa na wateja.

Alhamisi, 9 Januari

Nilitaka kusema leo.

Ijumaa, 10 Januari

Kitabu bado hakina saini. Zimebaki siku tano. Nimemwomba Hilke alete gari Jumapili jioni lilale gereji. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumatatu, 13 Januari

Tjark amerudi leo, mkono bado umefungwa. Nilimkuta nje ya lango saa moja kasorobo, nikamwambia kabla sijapoteza ujasiri: "Onno hasikii."

Hakushtuka. Aliangalia buti zake. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, nami sikuwahi kuijua sauti yake ya kawaida, "Wewe ulidhani nakupigia kelele kwa raha? Miaka minne nasimama upande wake wa kushoto narudia maneno ya wateja. Bei, namba, kila kitu. Nikichekesha watu napata sababu ya kupaza sauti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mzee mwenyewe hajajiambia."

Mwaka wa tatu huu nimemwona Tjark kuwa mtu wa majigambo.

Onno alifika. Nilisimama mbele yake, usoni, taa ikiwa juu yetu, nikasema polepole: "Fundi, gari la Hilke liko ndani, ni baridi. Naomba uje uweke mkono."

"Nilikwambia ukae kwenye matairi."

"Najua. Weka mkono tu."

Alikuja kwa sababu Tjark alikuwa anatazama. Nilimshika kifundo cha mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikakilaza kiganja chake juu ya pampu. Tjark akawasha. Injini ikanguruma. Nilihesabu mpaka ishirini.

"Inatetemeka?" nikauliza, midomo wazi aione.

 Alibonyeza zaidi. Akahamisha kiganja, akajaribu pembeni. Kisha akainamisha sikio kama ile siku ya Desemba, akabaki ameinama muda mrefu, na nilimwona anavyotafuta. Tjark aliangalia ukutani.

"Ni nzima," akasema Onno. "Naisikia."

"Huisikii, fundi. Hakuna cha kusikia. Imekufa, na Desemba ilikuwa imekufa vilevile."

"Unasema mimi kiziwi?"

Aliyasema kwa sauti kubwa mno, kama wanavyosema watu wasioisikia sauti yao wenyewe. Miguu ilitaka kunibeba nje. Nilifikiria kitabu mezani. Nikasema, "Nasema pampu haitetemeki. Mkono wako unasemaje?"

Aliondoa mkono.

Nilimwambia angoje injini ipate moto. Alingoja, mikono mfukoni, mgongo kwangu. Kisha nilichomoa mpira, nikamshika tena, nikaweka kiganja chake mdomoni mwa mpira. Vipigo vya joto. Nilimwona uso ukibadilika, maana hapo hakuhitaji sikio. Pale alikuwa fundi wa miaka arobaini, na mkono ulimweleza kila kitu kwa mara moja. Alitazama masizi kwenye vidole vyake.

"Vali," akasema.

"Vali."

"Pampu ya kwanza ilikuwa na maji?"

"Ilikuwa nayo. Nilikwambia."

"Lini?"

"Siku ileile niliyoitoa. Ulikuwa umenipa mgongo."

Alikwenda akakaa juu ya tairi. Tjark alizima injini. Kisha Onno akaanza kuongea akiwa anatazama vidole vyake.

"Miaka minne sasa kila gari linaloingia hapa lina injini tulivu. Haligongi, mkanda haulii. Nikasema, hatimaye wamejifunza kuyatengeneza." Alijipangusa masizi kwenye suruali. "Nilifurahi, unajua. Nilidhani nitastaafu vizuri."

Tjark alicheka kidogo na machozi yakamtoka. Onno hakuona, au alijifanya.

Nikasema ukweli: "Na mimi nilidhani unanidharau."

Alinitazama midomo. "Nini?"

Nikarudia, polepole.

 Kisha akainuka akaingia ofisini, nikasikia mlango. Nimekuja nyumbani bila kujua kama bado nina kazi.

Jumanne, 14 Januari

Kitabu kilikuwa juu ya sanduku langu la spana. Saini zote zipo. Karibu na wiki ya Novemba ambapo niliandika "kubadilisha pampu", ameongeza kwa kalamu nyekundu: *Maji ndani. Aliripoti. Hakusikilizwa.*

Ijumaa, 17 Januari

Vali imefika, na pampu pia. Nimefunga mimi. Mpira nao nimeubadilisha. Wa zamani ulikuwa umejaa maji ya kutu. Onno alisimama mbele yangu muda wote, si nyuma.

Jumatatu, 20 Januari

Nyuzi nane chini ya sifuri. Pampu ilianza mara moja. Onno hakuinamisha sikio. Aliweka mkono, nami nilihesabu kwa vidole mbele ya uso wake. Themanini na tisa. Injini ilipopata moto nilichomoa mpira: hakuna pumzi. Kiganja kikavu.

Jumanne, 21 Januari

Themanini na tisa.

Jumatano, 22 Januari

Tisini na moja. Taa haijawaka. Mimi ndiye ninayewaka. Wiki moja imebaki na nimesahau hata rangi za nyaya.

Jumatatu, 27 Januari

Gari la Hilke limepita ukaguzi. Alinitumia ujumbe: "Nimepita. Na nimempokea mtoto wa kike, kilo nne, kijiji cha Greetsiel. Alhamisi nitasikia habari zako." Mtihani ni Jumatano. Hata yeye hasemi neno "faulu". Watu wote wananyata karibu yangu.

Jumanne, 28 Januari

Kadi zote mara mbili, Renko akiuliza.

Jumatano, 29 Januari

Nilitapika kituoni Emden, kisha nikajisikia afadhali.

Walikuwa watatu, na yule wa miwani alikuwepo. Mezani kulikuwa na jenereta ya gari iliyofunguliwa, ile ya kuchaji betri. Wala si hewa ya ziada. Miezi mitatu nalala na kuamka na hewa, wao wananiuliza umeme.

Yule wa miwani akasema, "Betri ya mteja inakufa kila asubuhi. Anza." Na weupe ule wa kichwa kuwa kitupu ukaja, ule wa mara ya kwanza na ya pili.  Ukutani kulikuwa na saa, bila shaka.

Kisha nikafanya jambo ambalo halimo kwenye kadi yoyote. Nikasema, "Samahani, unaweza kusimama hapa? Nikuone." Alishangaa lakini akazunguka meza. Nilimtazama usoni, nikanyanyua mkono, nikaanza polepole kama ninavyomwelezea Onno: hapa umeme unazaliwa, hapa unageuzwa, hapa unazuiwa usirudi. Kila kipande nilikigusa. Aliuliza kwa nini, nikamwambia kwa nini. Aliuliza kwa nini mara nyingi. Ni mtu wa "kwa nini" tu, hana ubaya. Katikati ya maneno niligundua kwamba sisikii saa.

Walinitoa nje dakika kumi na mbili. Waliponiita, yule wa miwani alininyooshea mkono kwanza.

Nimefaulu. Alama si nzuri sana. Nilimpigia Renko akiwa juu ya paa, nikamsikia akipiga kelele kwa watu wa chini.

Alhamisi, 30 Januari

Tjark alikuwa ameniwekea kiti uani, amekibandika karatasi yenye jina langu. Onno alinishika mkono muda mrefu akasema, "Baki hapa." Nikamwambia nitabaki, kwa sharti moja, na sharti lenyewe nikaliandika kwenye karatasi ili pasiwe na kutosikia. Aliisoma, akaikunja, akaondoka.

Ijumaa, 31 Januari

Haongei nami.

Jumatatu, 3 Februari

Haongei nami. Tjark anasema kimya hiki kimezidi hata kwa Onno. Naogopa nimeharibu.

Alhamisi, 6 Februari

Leo kwenye chai alisogeza kadi mezani, kati ya vikombe. Daktari wa masikio, mjini Leer, Jumanne tarehe 18, saa nne: ndilo sharti langu.

"Utanipeleka," akasema. "Madaktari wanaongea haraka."

Jumanne, 18 Februari

Mvua ya upande upande njia nzima. Onno alivaa koti la kanisani. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na watu saba, wengi wazee kuliko yeye, na alikaa wima akitazama mlango kama mtu anayengoja hukumu. Nilizijua hizo dakika. Nilitaka kumwambia kitu lakini ingebidi nipaze sauti mbele za watu, nikaacha.

Msichana alitokea mlangoni akaita, "Bwana Saathoff." Onno aliendelea kutazama mlango. Alikuwa anamwangalia yule msichana moja kwa moja, ila msichana alikuwa ameinamia karatasi na midomo haikuonekana. Akaita tena. Watu wakaanza kutazamana.

Nikamgusa mkono wa koti.

Aliinuka, akajinyoosha, akafunga kifungo.

"Nilisikia," akasema.

Nikasema najua, nikachukua kofia yake, tukaingia.